Maji Niliyoyatia Kwenye Betri

Ilianza Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi. Saa nina uhakika nayo kwa sababu niliiandika, tena kwa wino mwekundu, kwenye daftari ambalo dada Neema alilikataa kwa kuwa jalada lake lilikuwa na picha ya bata. "Leo saa 3:15 nimepewa kazi ya betri." Basi, hakuna kingine. Nilikuwa darasa la tano na niliamini shajara ni ya mambo makubwa tu, na hilo lilikuwa jambo kubwa la kwanza kunitokea.

Daftari lile sikulifungua kwa miaka. Nimelifungua wiki hii, na kilichonisukuma ni harufu. Tulikuwa maabara, kidato cha tatu, mwalimu wa kemia amepitisha umeme kwenye maji ya chumvi, akatuambia tusogee tunuse kidogo tu, kwa kupepea na mkono. Wenzangu wakasema inanuka kama dawa ya kung'arishia mashati ya shule. Mimi nikatoka nje bila kuomba ruhusa. Nililizunguka tangi la maji mara tatu, mara nne, miguu haitaki kusimama, mpaka mwalimu akaja kuniuliza kama nimepaliwa. Nikamwambia ndiyo. Sikupaliwa. Nilikumbuka nilivyoliua trekta la baba, na nilivyonyamaza mzee wa watu akabebeshwa lawama.

Sisi ni Wasukuma. Baba alihamishiwa huku Pwani kikazi kabla sijazaliwa, akanunua kiwanja Visiga, na kama Msukuma mwingine yeyote hakutulia mpaka ng'ombe walipofika. Walikuwa watano, wa maziwa, kwenye banda nyuma ya nyumba. Siku za kazi aliondoka alfajiri kwenda ofisini Dar, jioni akarudi, akavua shati, akashika sepetu. Hivyo hivyo mpaka mgongo ulipogoma. Hospitali walimwambia diski imehama, wakamkataza kuinua kitu chochote kizito kuliko birika. Ng'ombe hawakuambiwa hilo. Wakaendelea kunya kama kawaida, lundo la samadi likawa linakaribia dirisha la jikoni, na sepetu ikahamia mikononi mwa mama.

Mama hakulalamika. Alikuwa akimaliza kukamua, anafunga khanga kiunoni, anaanza kupiga samadi kwenye toroli, na baba anakaa kibarazani na mkanda wake wa mgongo anatazama pembeni. Nilimwona mara nyingi akitazama pembeni. Nilidhani anaangalia barabara.

Ndipo trekta likaja. Lilitoka Maneromango, kwa mzungu mmoja aliyekuwa akilima mboga huko na sasa anarudi kwao. Baba alisikia habari zake kwa mtu wa ofisini. Msifikirie trekta la kulimia mashamba. Hili lilikuwa la bustani, kimo chake kama cha ndama, na kwa umri lilimzidi baba. Rangi yake ilikuwa nyeupe iliyogeuka kuwa ya siagi. Injini halikuwa nayo. Lilikuwa na betri sita, tatu chini ya boneti na tatu nyuma ya kiti, na ukikanyaga pedali linaondoka kimya, unasikia mchanga tu unavyosagika chini ya matairi. Majirani walikuja kushangaa.

"Trekta gani halingurumi?" aliuliza mmoja.

"Hili jokofu," dada Neema akamjibu. "Limewekewa magurudumu."

Mbele lilikuwa na kijiko. Mnajua vile vijiko vya njano vinavyochimba barabara; hiki kilikuwa kama mtoto wao. Mikono miwili ya chuma, kati yake bakuli pana, na mota ndogo inayozungusha parafujo ndefu ili mikono ipande au ishuke. Ukitaka kumwaga unavuta wenzo, kijiko kinajiinamia chenyewe. Kwa mtu asiyeruhusiwa kuinua kitu kizito kuliko birika, kile kijiko kilikuwa mgongo mwingine.

Aliyekuja nalo kwenye lori alikuwa Mzee Kondo. Mzungu alikuwa na trekta, lakini aliyelijua ni Mzee Kondo: ndiye aliyelitia grisi, ndiye aliyebadilisha mikanda, ndiye aliyetafuta kaboni za mota, akazikosa, akazichonga mwenyewe. Kwake ni Msimbu, Kisarawe, ila ana binti ameolewa Kibaha, na kila mwisho wa wiki alikuwa kwa binti yake. Basi Jumamosi anapitia kwetu, na kwa kuwa mikono yake ilijua kila kitu, majirani nao wakaanza kumpa pampu zao za visima na mabomba yao ya kunyunyizia dawa.

Ni Mzaramo, na Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Hili wengi wetu siku hizi tunalisikia tu kwa wazee. Mimi nililiona. Baba, ambaye nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache, akimwona Mzee Kondo anafunguka. Anamwamkia kwanza, shikamoo, kwa adabu zote, na marahaba ikishaitikiwa tu, vita vinaanza.

"Umechelewa. Watu wa huku kazi hamjui."

"Kazi tunaijua, ila tunawaachia wapagazi. Babu yako alifika hapa kabeba mizigo kichwani, kachoka, kaomba maji kwetu. Mpaka leo hujaturudishia kata yetu."

"Alimkuta babu yako kalala chini ya mnazi anangoja nazi idondoke."

"Na ilidondoka. Tukampikia babu yako wali wa nazi. Aliramba sahani Msukuma yule, mpaka maua yakafutika."

Mama anacheka mpaka anashika ukuta. Mimi nilikaa mlangoni nikisikiliza, kwa sababu nyumba yetu haikuwa na sauti kama hiyo siku nyingine.

Sasa ile saa tatu na robo. Mzee Kondo alisema mashine inataka mtu mmoja wa kuihudumia kila wiki, maana yeye kuna majira hatakuja, kilimo kikianza Msimbu haonekani mjini. Baba hawezi kuinama. Mama ana maziwa. Dada Neema akasema yeye ana makucha. Mzee akageuka akaniona mlangoni.

"Na huyu Bi Kimya?"

"Huyo bubu," dada akasema. "Ukimuuliza jina anakuandikia."

"Vizuri. Betri hazitaki mtu wa maneno."

Akanishika bega akanipeleka kwenye trekta. Mpaka leo nikifumba macho naona kila hatua. Unavaa glavu. Unafungua boneti. Kwenye vichwa vya betri utakuta unga wa kijani na mweupe. Unakoroga magadi kwenye maji ya moto, unapaka na mswaki wa zamani, unga unachemka shiii, unapangusa, kisha unapaka mafuta mazito kidogo. Halafu kila betri ina vifuniko vitatu. Betri sita, kwa hiyo matundu kumi na manane. Unachungulia kila tundu. Bamba za ndani zikianza kuonekana zimekauka, unaongeza maji kwa faneli ndogo, taratibu, mpaka zifunikwe, usijaze mpaka yamwagike. Mwisho unapiga grisi kwenye pini za mikono ya kijiko mpaka grisi ya zamani itoke nyeusi pembeni.

Alinifundisha na kuendesha. Kijiko unakilaza chini kabla ya kufika kwenye lundo, unaingia polepole, mashine inasukuma yenyewe, kikijaa unainua kidogo tu. "Mzigo wa mashine hii ni wa mgongoni kama mtoto," alisema, "si wa kichwani kama ndoo. Ukikinyanyua juu huku unatembea, itapata kizunguzungu ikuangukie." Nyuma alifunga viroba viwili vya mchanga ili matairi yasiruke. Mimi, mwenye miaka kumi na moja, ambaye darasani nikiulizwa jibu nalijua na bado nasema sijui, nilikuwa nahamisha samadi. Baba akasogeza kiti chake kibarazani kikaelekea bandani.

Maji ya betri Mzee Kondo alikuja nayo kwenye dumu, ya mvua, aliyakinga kwenye bati lake mwenyewe. Alipokuwa anaondoka kwa ajili ya kilimo nilimfuata mpaka getini na nikamuuliza swali langu pekee kwa miezi yote ile.

"Babu, yakiisha?"

"Yakiisha tia maji baridi. Baridi tu, mwanangu, usije ukatia mengine."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilirudi nimelishika neno lile kama yai.

Dumu liliisha. Sasa nifuateni vizuri, maana hapa ndipo akili yangu ilipofanya kazi kuliko siku zote. Kwenye friji mama aliweka chupa za maji ya kisima yaliyoganda nusu. Hazikuwa za kunywa, zilikuwa za kupangwa kwenye ndoo ya maziwa yasiharibike njiani. Yalikuwa maji baridi kuliko yote pale nyumbani. Nikajieleza mwenyewe sababu zake: betri zikichajiwa zinapata joto, nimezigusa, kwa hiyo zinataka kupozwa, ndiyo maana mzee amekazia. Kila Jumamosi nikatoa chupa kwenye friji, nikakimbia nayo isipate jua. Siku moja dada alinisimamisha njiani kunifanyia mzaha, chupa ikapata vuguvugu kidogo mkononi. Niliyamwaga yale maji nikachukua mengine. Nilikuwa mwaminifu kiasi hicho.

Kisima chetu, kama visima vingi vya pale, kina chumvi. Sabuni haitoi povu. Nilijua hilo kama ninavyojua jina langu. Ila hakuna aliyenitajia chumvi. Nilitajiwa baridi.

Baada ya wiki kadhaa trekta likaanza kuchoka. Kwanza lilimaliza lundo likiwa linajikokota, halafu likawa linafika katikati ya uwanja linasimama na kijiko kimejaa. Betri zikawa za moto kuliko zamani, na wakati wa kulichaji kwenye kibanda lake kulitoka harufu kali, safi kwa namna ya ajabu, inawasha puani. Nilidhani ni harufu ya usafi, kwamba magadi yangu yanafanya kazi. Na kwa kuwa joto lilizidi, nikazidisha ubaridi. Nikawa natia maji yenye chengachenga za barafu.

Kisha Ijumaa moja likagoma kabisa. Baba akamwita fundi wa betri kutoka mjini Kibaha, akaja na kipimo chake cha kioo, akapima tundu baada ya tundu akitikisa kichwa. "Zimekufa zote sita. Zimetiwa kitu kisichofaa, au zilikuja na ugonjwa. Nani anazihudumia hizi?" Baba akasema ni mzee mmoja wa Kisarawe. Yule fundi akaguna tu. Ule mguno ulifanya kazi kubwa.

Kesho yake, kwa bahati ambayo mpaka leo sijui niiite njema au mbaya, Mzee Kondo akatokea. Kilimo kimeisha, amekuja na muhogo kwenye kiroba, anacheka tangu getini.

Baba hakusema shikamoo. Mimi niliona, mama aliona. Mzee yeye hakuona, au alidhani utani umeanza mapema.

"Msukuma, mbona umenuna kama ng'ombe aliyenyimwa pumba?"

"Watu wa huku kazi hamjui," baba akasema.

Mzee akacheka. "Tunaijua, ila tunawaachia wapagazi."

"Sitanii, mzee."

Yalikuwa maneno yale yale ya kila Jumamosi. Sijawahi kuona kicheko kikimtoka mtu usoni kidogo kidogo vile, kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Baba akaendelea, amesimama na mkanda wake wa mgongo, mkono mmoja kwenye nguzo. Akasema betri sita zimekufa. Akasema mtoto amefuata maelekezo neno kwa neno, kila wiki, yeye mwenyewe shahidi. "Sasa ama kazi huijui, ama uliniletea mzoga ukijua ni mzoga."

Mzee Kondo alitua kiroba, akaenda kwenye trekta, akafungua kifuniko kimoja, akainama akanusa. Akafungua cha pili, akanusa. Kisha akaniangalia.

"Mwanangu, ulitia nini?"

Sikuwa najificha wakati ule, wallahi sikuwa na cha kuficha, nilitia alichosema. Ila macho yote yalikuwa kwangu, na macho yakiwa kwangu mimi huwa sina maneno.

"Ulitia alichokuambia mzee, au hukutia?" baba akauliza.

"Nilitia," nikasema.

Mzee Kondo alinitazama. Akafunga vile vifuniko viwili, kwa utaratibu, kila kimoja akikikaza. "Basi kama alitia nilichomwambia," akasema, "kosa ni langu." Akachukua begi lake la spana. Kiroba cha muhogo alikiacha. Mama alimfuata mpaka getini akimwita, "Babu, subiri kwanza, babu," naye akampungia mkono bila kugeuka.

Muhogo tuliula. Ulikuwa mtamu, na hakuna aliyesema ni mtamu.

Ilipita kama wiki mbili, pampu yetu ya kisima ikaharibika. Aliyekuwa akiitengeneza ni Mzee Kondo, kwa hiyo haikuwa na wa kuitengeneza. Mama akanituma na ndoo kwenye visima vya jirani, upande wa bondeni. Ilikuwa saa saba, jua la kupasua kichwa. Nikaelekea kwenye kisima cha kwanza kisichokuwa na foleni. Mama mmoja mwenye khanga ya njano akaniita.

"Wewe binti, hicho chumvi tupu. Njoo uchote hapa, haya maji baridi."

Nikaenda. Nikaingiza mkono kwenye ndoo yake niione hiyo baridi. Maji yalikuwa ya moto, jua lilishayachemsha.

"Mbona si ya baridi?" nikauliza. Ajabu nilivyoweza kuuliza.

Wanawake wote pale kisimani wakaangua kicheko. "Mtoto wa bara huyu," mmoja akasema. Yule wa khanga ya njano akanichotea kwa kata, akaninywesha kama mtoto mchanga. "Baridi siyo friji, mwanangu. Baridi ni yasiyo na chumvi. Hata yakichemka jikoni, ni maji baridi hayo."

Nilibeba ndoo nikaondoka. Sikumbuki njia. Nakumbuka nilifika nyumbani ndoo ikiwa nusu na sketi imelowa yote.

Hapa niseme ukweli, maana nyinyi ni rika langu na mnajua tulivyo. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa ahueni. Hakuna anayejua. Baba hajui, mama hajui, Mzee Kondo yuko Msimbu na alishasema kosa ni lake. Nikajiambia nitakaa kimya. Kukaa kimya si kusema uongo, na mimi kila mtu anajua ni mtu wa kimya.

Lakini mwili ulikataa. Nikikaa nasimama. Nikisimama naenda uani, nikifika uani nasahau nilichofuata. Nilifagia uwanja mara mbili asubuhi moja. Chakula nilikizungusha kwenye sahani. Dada Neema akaniuliza kama nina minyoo. Darasani nilikuwa najikuna mikono pale glavu zilipokuwa zinaishia, mpaka ngozi ikatoka. Daftari la bata nililichukua kuandika, nikaandika "Leo", nikafuta. Ukurasa mzima ule una neno moja lililofutwa mara tano.

Na mambo yalikuwa yanaendelea bila kunisubiri. Mama alirudi kwenye sepetu, na baba alirudisha kiti chake kikaelekea barabarani. Hilo ningeweza kulivumilia, nasema kwa aibu. Lakini majirani wakija kuuliza jokofu letu limekwama vipi, baba anawasimulia. Anawaambia yule mzee ni tapeli, ana mdomo mtamu, spana zenyewe anabeba kama pambo. Jirani wa nyumba ya mbele, aliyekuwa amempa Mzee Kondo pampu yake, akamtuma mtu Kibaha kwa binti wa mzee akaichukue kabla haijafunguliwa. Mwingine akafuata. Nilikuwa nafua siku ile, nikamsikia yule jirani anamwambia baba kwa kujipongeza, "Nimewahi. Angeniua pampu yule." Na baba akacheka. Si kile kicheko chake cha Jumamosi. Kilikuwa kifupi, na kilikuwa juu ya mtu asiyekuwepo kujibu.

Niliacha nguo kwenye beseni. Nikaingia jikoni na mikono yenye mapovu machache ya sabuni, nikafungua friji, nikatoa chupa moja ya maji ya kisima. Nikachukua na kikombe. Jirani alishaondoka. Nikamimina mbele ya baba, nikamkabidhi.

"Nini?" akauliza.

"Onja."

Akaonja, akakunja uso. "Ya kisima haya. Ya kwenye maziwa."

"Ndiyo niliyotia kwenye betri."

Baba akaweka kikombe chini. Nilisubiri kofi, na nawaambieni nililisubiri kwa hamu, maana baada ya kofi jambo linakuwa limekwisha. Halikuja.

"Kondo alikwambia utie haya?"

"Aliniambia maji baridi."

Akakigusa kikombe tena kwa kidole. Kilikuwa kimetoa jasho kwa ubaridi. Akanitazama, na usoni kwake nikaona kitu ambacho sikukitegemea: hakuelewa.

"Sasa haya si baridi?"

Baba yangu ameishi Pwani miaka kumi na minne. Amekaa ofisi moja na watu wa huku, amezika nao, amekula nao pilau. Ilibidi mimi, bubu wa nyumba, nimsimamie nimweleze neno. Nikamwambia baridi ni yasiyo na chumvi. Nikamwambia habari za kisimani na yule mama wa khanga ya njano, na ndoo ya maji ya moto. Nikamwambia mzee alinusa matundu mawili na nadhani alijua. Niliongea mpaka mama akatoka bandani akasimama na sepetu kusikiliza. Nilipomaliza baba alikuwa anautazama mkanda wake wa mgongo, anaufungua, anaufunga.

"Hata mimi ningetia haya," akasema. Kisha akasema, "Kesho," akainuka akaenda kwa ng'ombe.

Asubuhi alinisubiri nivae, tukaingia kwenye kigari chetu, tukashika njia ya Kisarawe. Alivaa shati la ofisini ingawa ilikuwa Jumapili. Njia ya kwenda Msimbu ina mashimo, na kila shimo nilimwona anavyouma meno kwa sababu ya mgongo. Tuliuliza mara mbili, tukaonyeshwa nyumba ya udongo yenye bati jipya upande mmoja, imekaa ndani kidogo kutoka barabarani. Baba akazima gari. Akaendelea kushika usukani.

"Nenda wewe kwanza," akasema. "Wewe ni mtoto."

Nikaenda. Mzee Kondo alikuwa amekaa kwenye kigoda, amefungua bomba la kunyunyizia dawa, vipande vyake amevipanga juu ya gunia kwa ukubwa. Nikamwamkia kwa sauti mpaka kuku wakakimbia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, Bi Kimya. Umekuja na sauti leo."

Nikasema yote nikiwa nimesimama. Chupa, friji, barafu, kisima. Yeye alikuwa anasafisha kipande kimoja kwa kitambaa, wala hakuacha.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilinusa. Chumvi ukiipitishia umeme haijifichi."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema ungepigwa mbele yangu, na mimi ningekuwa nimeshinda kesi dhidi ya mtoto." Akakiweka kile kipande mahali pake juu ya gunia. "Na kosa langu lipo. Nilisahau kuwa nasema na Msukuma. Ningekwambia ya mvua, haya yasingetokea."

Nilitaka kucheka, nikalia. Akaniachia nilie. Kisha akauliza umekuja na nani, nikamwambia baba, yuko garini. Akanyoosha shingo akatazama barabarani, gari linaonekana kati ya mikorosho, na mkono wa baba dirishani.

"Mgongo umemkaza?"

"Hapana."

"Wewe umesema lako, limekwisha, sitaki kulisikia tena," akasema. "Lakini baba yako hakukutuma wewe siku ile kunitukana. Alikuja mwenyewe na miguu yake. Kamwambie ashuke."

Nikarudi barabarani. Baba alijifanya anasoma kitu kwenye simu, na simu ilikuwa imezimika, kioo cheusi. Hakuinua macho.

"Anasemaje?"

"Anasema ushuke."

Akaweka simu kwenye mfuko wa shati, akaitoa, akairudisha. Nikazunguka mbele ya gari mpaka upande wake, nikafungua mlango, nikaushika wazi. Nikasimama hapo, jua usoni, mpaka alipotoa mguu wa kwanza nje.